Barua kwa Mwanaidi kuhusu fungu la mchicha na bajeti ya kaya

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Sisi hatujambo, watoto wazima, na mama anakuulizia kila wiki.

Swali la mwanafunzi wako limenikaa kichwani tangu niliposoma barua yako. Ameona kwenye jedwali la nchi 114 kwamba Tanzania inaongoza kwa sehemu ya matumizi inayokwenda kwenye chakula, akauliza kama sisi ni walafi kuliko watu wengine. Nimefurahi kwamba ameuliza, maana wakubwa wengi hulisoma jedwali lile na kulipita.

Lilitolewa mwaka 2003 na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa takwimu za 1996. Chakula, vinywaji na tumbaku vilichukua kama asilimia 73 ya matumizi ya Mtanzania. Kwa Mmarekani havikufika asilimia 10. Mwambie kijana kwamba ukihesabu fedha zenyewe, Mmarekani anatumia kwa chakula zaidi yetu mara nyingi tu. Ila akishakula, bado fedha nyingi zinabaki za nyumba, gari na matibabu. Sisi tukishakula, kinachobaki ni kidogo. Mtakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, aliliona hilo mwaka 1857 katika bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji: kadiri familia ilivyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya chakula ilivyokuwa kubwa. Miaka 100 baadaye mwanauchumi Houthakker akapima tena kwa tafiti za nchi kama 30, na kanuni ikasimama.

Katika utafiti ule wa 2003 kuna jambo jingine ningependa walijue. Mapato ya Mtanzania yakiongezeka kwa asilimia 10, matumizi yake ya chakula yanaongezeka kwa asilimia 8 hivi. Ya Mmarekani yanaongezeka kwa asilimia 1. Maana yake ni kwamba hapa kwetu watu bado hawajala wanavyotaka. Na bei ya unga ikipanda, sisi ndio tunaopunguza kweli kweli, tena tunaanzia kwenye nyama, maziwa na mayai kabla ya kugusa ugali.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe, maana kila tarakimu katika majedwali hayo ilianzia mlangoni pa mtu, mbele ya mdadisi mwenye dodoso. Juzi nilikuwa kwenye kaya moja pembezoni mwa mji. Mama mwenye nyumba akanitajia ya siku ile: unga kisado kimoja, mchicha mafungu mawili, mafuta ya kupima, chumvi. Nikaandika. Jioni mumewe akarudi, nikamwuliza yeye peke yake. Asubuhi alikunywa chai na chapati mbili kwa mama lishe, mchana wali maharage, saa kumi soda. Mkewe alishangaa kuliko mimi. Mtoto wao wa kwanza naye alikuwa amenunua maandazi shuleni. Ningemwuliza mama tu, chakula cha watu wawili kisingeonekana popote.

Na huo mchicha wenyewe: fungu ni kiasi gani? Ndiyo maana tunabeba mizani hadi sokoni. Kiangazi bei ya fungu haibadiliki, fungu ndilo linalopungua. Anayeandika shilingi bila kupima gramu ataapa kwamba bei haikupanda. Mahindi ya shambani nayo hayakununuliwa na mtu, lakini yameliwa, kwa hiyo lazima tuyape thamani kwa bei ya soko la pale pale.

Usidhani haya ni malalamiko ya wadadisi tu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walilijaribu suala hili hapa hapa Tanzania, kwenye kaya kama 4,000 zilizogawanywa kwa bahati nasibu katika namna 8 za kuuliza. Wengine waliulizwa wakumbuke siku 7 zilizopita, wengine siku 14, wengine waeleze mwezi wa kawaida. Wengine walipewa shajara, yaani daftari la kuandika matumizi ya kila siku, moja kwa nyumba nzima, na kundi moja kila mtu mzima akapewa ya kwake, mdadisi akifuatilia kwa karibu. Nchi ni ile ile, msimu ule ule, lakini matumizi yakatoka tofauti, na kwa mstari ule ule wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, idadi ya maskini ikabadilika kulingana na dodoso. Shajara ya mtu mmoja mmoja ndiyo iliyonasa zaidi. Orodha ndefu ya vyakula kwa siku 7 ilikaribia. Kuuliza mwezi wa kawaida kulipoteza mengi.

Kwa hiyo mtu anapoweka nchi moja inayotumia shajara kando ya nyingine inayouliza ya mwezi uliopita, kisha akatangaza kwamba hii ni maskini kuliko ile, mimi naumia. Mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei ulianza na nchi 10 tu kwa takwimu za 1970, Kenya ikiwa peke yake kutoka Afrika, na siku hizi unahusisha nchi zaidi ya 170. Kwenye bei wamepiga hatua kubwa. Kwenye namna ya kuwauliza watu bado kila nchi ina yake.

Kama ratiba inaruhusu, wape wanafunzi kazi ya wiki moja: kila mmoja aandike alichokula nyumbani na nje, kisha amwulize mama yake kivyake, walinganishe. Waende na mizani soko la Ngamiani wakapime mafungu ya nyanya kwa wauzaji watatu. Nitumie watakachopata, hata kama ni kwenye karatasi za daftari.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rehema