Mji ni Unalaska jamani, Dutch Harbor ni bandari tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu uvuvi wa Alaska niliisoma nikiwa kwenye basi natoka kazini nikasema hii siachi ipite. Mwandishi wenu kaandika "mji wa Dutch Harbor" mara saba, nimehesabu, alafu anamalizia kwamba pale ni kambi ya makampuni tu, hamna serikali wala wenyewe, samaki wanavuliwa na hela inaondoka na meli. Mimi nimekaa pale misimu mitatu, miwili ya baridi na mmoja wa kiangazi, nasimama kwenye laini ya kiwanda cha samaki aina ya polaki na gamboti na epron ya plastiki masaa 16 kwa siku, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kwanza jina. Mji unaitwa Unalaska. Dutch Harbor ni bandari yake, iko kisiwa kidogo cha Amaknak ng'ambo ya daraja, na viwanda vingi viko upande huo ndo maana sisi vibarua tunaondoka pale tunasema tulikuwa "Dutch" kumbe hata mji wenyewe wengine hawajaukanyaga. Hilo jina maana yake bandari ya Waholanzi, walilitoa Warusi, inasemekana waliamini meli ya kwanza ya Ulaya kuingia ile ghuba ilikuwa ya Waholanzi. Unalaska lenyewe ni la wenyeji, Waunangan, ambao Warusi waliwaita Waaleuti. Wao walisema Agunalaksh, maana yake karibu na rasi, Warusi wakaliandika Ounalashka, Wamarekani nao wakaja wakalinyoosha likawa hilo tunalosoma kwenye ramani. Ile spelling ya zamani bado ipo hai, kampuni ya ardhi ya wenyeji iliyotokana na sheria ya ardhi ya 1971 inaitwa Ounalashka Corporation, na sehemu kubwa ya ardhi pale ni yao. Sasa ukisema hamna wenyewe unamaanisha nini?

Na msidhani ni ubishi wa majina tu. Binamu yangu wa Seattle alinitumia koti, nilimwambia andika Unalaska, nikaenda posta nikaambiwa hamna kitu. Kumbe posta ziko mbili, moja ya Unalaska, namba ya posta 99685, na nyingine ya Dutch Harbor, 99692, na mimi mwenyewe ndo nilikuwa nimechanganya madawa. Nikavuka daraja kwa miguu na ule upepo unaokuja kwa ubavu, unatembea umejikunja kama unabeba gunia, na juu ya mapipa ya taka wamekaa tai wale wenye kichwa cheupe, ndege wa taifa la Marekani, wanachokora taka kama kunguru wa Dar. Nilicheka peke yangu.

Haya, serikali. Unalaska imesajiliwa kuwa mji tarehe 3 Machi 1942, na miezi mitatu baadaye, tarehe 3 na 4 Juni, ndege za Japani zikaja kuipiga mabomu. Baada ya hapo serikali ya Marekani ikawakusanya Waunangan ikawapandisha meli mpaka kusini mashariki ya Alaska, wakarundikwa kwenye viwanda vya samaki vilivyotelekezwa, wengi wakafa kwa magonjwa. Wazungu wa mji huohuo waliachwa wabaki. Hata mzungu aliyeoa Munangan angeweza kubaki yeye, mke aende. Fidia ilipitishwa 1988, dola 12,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Watu waliopitia hayo wakarudi wakajenga tena, alafu mtu anakuja kuandika kambi ya makampuni.

Leo kuna meya na madiwani sita wa kuchaguliwa, wao wanaajiri meneja wa kuendesha mji. Umeme ni wa mji, maji ya mji, dampo la mji, gati kubwa la meli la mji. Vikao vya madiwani vinarushwa na redio ya palepale, mimi nilikuwa nasikiliza chumba cha kufulia cha bweni letu nikisubiri mashine imalize, na mwananchi wa kawaida anasimama anawaambia madiwani live kwamba bili ya umeme haikubaliki. Sisi wa kwenye laini tulikuwa tunasinzia, nakubali, lakini mji ulikuwa unabishana.

Na hela haiondoki yote. Hapa ndo mwandishi wenu kakosea zaidi. Samaki mbichi akiuzwa pale mji unachukua asilimia 2. Ni kama ule ushuru wa soko la samaki la Feri, Dar, tofauti ni kwamba hapa mnunuzi ni kiwanda kinachopokea samaki kwa mamia ya tani. Alafu jimbo la Alaska nalo lina kodi yake, asilimia 3 kwa viwanda vya nchi kavu, na nusu ya hiyo inarudi kwenye mji ambako samaki katengenezwa. Unalaska inapata nusu nzima kwa sababu haiko chini ya wilaya yoyote, ingekuwa ndani ya wilaya ingebidi wagawane. Sasa piga hesabu, hii ni bandari ambayo tangu 1997 ndo inaongoza Marekani nzima kwa uzito wa samaki wanaoshushwa (kwa thamani inaongoza New Bedford kule Massachusetts, sababu ya skalopi wao, aina ya kombe wa bei mbaya), na wakazi kwenye sensa ya 2020 walikuwa 4,254 tu.

Ila asisifiwe mtu kupita kiasi. Mji unaoishi kwa asilimia ya samaki, samaki akiondoka unaona. Kaa wakubwa wekundu wa ghuba ya Bristol Bay walivuliwa karibu tani 59,000 mwaka 1980, mwaka 1983 uvuvi ukafungwa kabisa, kaa hamna. Polaki ndo waliokuja kuokoa mji. Na juzi hapa yamejirudia, 2021 wakafunga kaa wekundu, Oktoba 2022 wakafunga na kaa wa theluji kwa mara ya kwanza, bahari ilipata joto na kaa kwa mabilioni wakafa njaa. Kama makala ingesema hilo, kwamba madiwani wanapanga bajeti ya shule kwa kutegemea kitu kinachoogelea, ningenyamaza.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo mrekebishe. Ushahidi ninao ndani ya droo, risiti ya dukani imekatwa asilimia 3 ya kodi ya mauzo, imeandikwa Unalaska waziwazi. Kofia niliyonunua siku ya kuondoka imeandikwa Dutch Harbor, hiyo sikatai, nyingine hazikuwepo.

Msomaji wenu,
Tacoma, Marekani