Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fundi wa Kumi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na suala la pango la ofisi kamati imeshalimaliza. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja tu: ajira za vijana katika karakana zetu za ushonaji hapa Kariakoo.

Mwaka huu nimepita kwenye karakana nyingi nikiuliza mbona vyerehani vimefunikwa ilhali oda zipo. Mara nyingi nilijibiwa hivi: "Mwenyekiti, mafundi wameshafika tisa."

Sababu mnaijua. Tangu Julai 2021, Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, yaani SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Kabla ya hapo ilianzia wanne. Ilikuwa nafuu kubwa kwetu. Julai 2023 kiwango nacho kikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara yote. Shida iko pale penye kumi. Ukimwajiri wa kumi hulipii mshahara wake peke yake, unalipia ya wote. Chukueni karakana inayomlipa kila fundi shilingi 300,000. Wakiwa tisa, SDL hakuna. Akiingia wa kumi, ni shilingi 105,000 kila mwezi, mbali na mshahara wake na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kazi yetu hufurika kabla ya Idi na Krismasi, ikifika Februari imepwaya. Mwenye karakana anaogopa, na simlaumu kwa kuogopa.

Ila anachofanya baadaye kinaniumiza. Anamwita deiwaka, yaani kibarua wa siku, anamlipa kwa kipande. Binti anashona kola mwaka wa tatu sasa, chumba kimoja na wenzake walioandikishwa, lakini hana mkataba wala senti yake NSSF. Akijifungua, mafao ya uzazi hayamhusu. Mkaguzi naye akija akamhesabu kuwa mfanyakazi, deni ni la miezi yote ya nyuma.

Kodi tulipe; sehemu ya SDL huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na huko ndiko walikosomea baadhi ya mafundi wetu hodari. Tunachoomba ni tozo ianzie kwenye mshahara wa mtu wa kumi, wale tisa waachwe. Barua ya kamati kwa Wizara ya Fedha iko hapa mezani, tuisaini leo. Na wenye deiwaka wa kila siku, nawasihi mumwone katibu kabla ya kuondoka, tuanze kuwaandikisha NSSF.