Noti ya Nkrumah

Kirumba, Mwanza

Shoga yangu mpenzi,

Habari za Dar? Huku hatujambo, joto tu na vumbi, mvua bado. Kitindamimba wangu amepata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Sheria, kama alivyotaka.

Juzi usiku nilimtolea ile noti yangu ya 500. Benki Kuu walipozikusanya mwaka 2025 mimi yangu sikuipeleka, imelala kwenye Biblia mpaka leo. Akaigeuza, akaisogeza kwenye taa. "Mama, hili ni kanisa?" Nikamwambia huo ni Ukumbi wa Nkrumah, wa hapo Mlimani, na mimi nimekaa chini ya paa hilo la zege linalonyanyuka kama tanga la mtumbwi, upepo ukiingia huku na kutokea kule, wala hakuna aliyeulizia feni.

Watu wakiyaona majengo yale wanasema ya kizamani. Nadhani hawajakaa kivulini mwake saa nane mchana. Waliojenga miaka ya 1960 walilifikiria jua: zile kingo za zege zilizotokeza juu ya madirisha, koridoo zilizo wazi, majengo yakifuata mteremko. Sisi tunaojenga juu ya mawe tunajua kazi ya kuelewana na mlima. Itazame hospitali ya Bugando ilivyokaa juu ya mji wetu!

Sasa nina ombi. Ukimpokea stendi ya Mbezi, usimpeleke chuoni moja kwa moja. Mpitishe kwanza Mtaa wa Lumumba, umwonyeshe chuo kilipoanzia Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU, wanafunzi hawafiki 20, wote wa sheria kama yeye, na shahada zenyewe za London. Kisha mpandishe Mlimani, kama chuo chenyewe kilivyopanda mwaka 1964. Hayo ya kuwa chuo kikuu cha taifa tarehe 1 Julai 1970, Mwalimu akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza, atayasoma mwenyewe. Maktaba mpya ya mwaka 2018 ni nzuri, sikatai, ila anzeni Nkrumah. Akae humo dakika kumi, kimya.

Nimempa dagaa wako wa Mwaloni, wamekauka vizuri. Noti pia anakuja nayo. Akishaliona paa, mwambie aitunze. Akija likizo airudishe kwenye Biblia yangu.

Ni mimi, wako wa chumba kimoja.