Barbour naye atajwe

Mhariri,

Kila makala ya historia ya Uskoti ikifika kwenye vita vya Bannockburn vya 1314, Waskoti walipowashinda Waingereza, hutajwa wafalme na silaha, basi. John Barbour hatajwi, nami kama mwalimu wa fasihi naona anadhulumiwa. Shemasi mkuu huyu wa Aberdeen ndiye aliyetunga utenzi wa The Brus mnamo 1375, mistari zaidi ya 13,000, kwa Kiskoti walichozungumza watu wake, si kwa Kilatini cha kanisani.

Humo Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, anampasua kichwa Henry de Bohun, shujaa wa Kiingereza, kwa shoka. Makamanda wanamlaumu kwa kuhatarisha maisha yake. Yeye anasikitikia mpini wa shoka uliovunjika.

Lakini kipande kinachonigusa kuliko vyote kiko Ireland, huko Limerick. Jeshi liko tayari kuondoka, mfalme anasikia mwanamke akilia. Ni dobi, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mfalme anaamuru hema lipigwe na jeshi zima lisubiri mpaka ajifungue. Kama ilitokea kweli, wanahistoria na wabishane. Barbour aliona dobi anastahili kuimbwa pamoja na mfalme. Tafadhali, ukurasa wenu wa fasihi utuletee tafsiri ya kipande hicho.

Mwalimu wa fasihi