Barua ya wazi kwa marubani wa wikendi: acheni kuitikia msichokisikia

Wanangu mnaorusha ndege ndogo kati ya Ukunda, Vipingo na Malindi,

Shikamoo zenu nimezipokea. Leo lakini sikuja kwa salamu, nimeudhika, na naomba mnivumilie.

Kinachoniudhi ni neno moja: roja. Mnara wa kuongozea ndege unampa rubani mambo manne kwa pumzi moja, yaani njia ya kurukia, urefu, kanieneo ya hewa na msimbo wa transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), naye anabonyeza kitufe na kusema, "Roja." Kisha kimya. Muongozaji amebaki na maiki mkononi, hajui kama yule mtu kayasikia yote manne au kasikia moja. Roja maana yake nimepokea. Haisemi umepokea nini.

Yanayorudiwa kama yalivyotolewa mnayajua, mlifanyiwa mtihani: kibali cha kuingia kwenye njia, kutua, kuruka, kuvuka, kurudi nyuma juu yake au kusimama nje yake, namba ya njia, msimbo, kanieneo, urefu, uelekeo na kasi mliyopangiwa. Mwishoni taja jina la ndege yako. Kasi ya upepo huna haja ya kuirudia. Na kibali kikiwa na sharti, kwa mfano uingie nyuma ya Boeing inayotua, lirudie sharti lenyewe, na uhakikishe kwa macho kwamba Boeing unayoitazama ndiyo iliyotajwa.

Hapa Mombasa kosa hili lina mlango wake maalumu. Njia kuu ya uwanja wa ndege wa Moi ina urefu wa mita 3,350, nayo ina majina mawili: 03 ukiianza upande wa kusini magharibi, 21 ukitokea ncha ya pili. Kuna na ile fupi, 15 na 33. Kaskazi ikishika, rubani huzoea 03 wiki baada ya wiki, hata sikio likawa linautangulia mnara. Siku upepo ukigeuka anaambiwa 21, yeye anasikia 03 kwa sababu ndiyo aliyokwisha kuiweka kichwani. Akiirudia "03", muongozaji atamkatiza papo hapo. Akisema roja, hakuna wa kumkatiza, na huenda akajikuta anatazamana na ndege ya abiria iliyojaa watu.

Kanieneo nayo hivyo hivyo. 1013 na 1003 ni ndugu masikioni, lakini hektopaskali 10 ni karibu futi 270 za urefu. Ukiwa bado chini pale Moi, altimita, yaani kipima urefu kinachotumia kanieneo hiyo, ikiwekwa sawa isome kama futi 200, maana kiwanja kiko urefu huo juu ya bahari. Ikisoma vingine, usiigonge kidole ukaondoka. Uliza.

Tarehe 27 Machi 1977, kule Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana juu ya njia yenye ukungu, wakafa watu 583. Rubani mmoja alikuwa ameanza kukimbia bila kibali cha kuruka. Redioni yalisemwa maneno yasiyoeleweka vizuri kuhusu kuruka, mnara ukajibu "sawa," na maneno muhimu yaliyofuata yakamezwa kwa sababu watu wawili walibonyeza kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mnafundishwa kusema mko tayari kuondoka, na neno lenyewe la kuruka mliache mpaka mnara ulitamke katika kibali. Naona baadhi yenu mnalirusha ovyo. Liacheni.

Wanangu, najua linakotoka hili. Mwalimu anasimama mbele ya watoto hamsini, anauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo!" Yule mmoja aliyenyoosha mkono akasema hajaelewa, alichekwa na wenzake na mwalimu akamkodolea macho. Tumelea watu wa kuitikia. Mgonjwa anaitikia dozi asiyoielewa, fundi anaitikia kipimo ambacho hakukisikia, na ikifika zamu ya rubani, anamwitikia muongozaji kwa Kiingereza cha haraka kwa sababu anaona haya kuomba kurudiwa mbele ya marubani wakubwa wanaosikiliza. Marubani hao wakubwa wanaomba kurudiwa kila siku. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka, acheke. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Jambo la pili ni kuchelewa kuita. Ndege yenu ikienda maili 100 za baharini kwa saa, maili 10 ni dakika sita, maili mbili ni dakika moja na ushei. Anayeita zikiwa zimebaki maili mbili afike kwenye mpaka wa anga la mnara atavuka kabla hajajibiwa. Iteni mapema, kwenye maili 10 nje ya mpaka. Kwanza sikiliza kidogo usije ukamkanyaga mwenzako anayezungumza. Kisha sema: unamwita nani, wewe ni nani; ukijibiwa, ndipo utaje aina ya ndege, ulipo, urefu wako, unachoomba. Ukiambiwa usubiri, hujapewa kibali, hata kama wametaja jina lako. Zunguka nje, juu ya alama unayoiona wazi, hadi kibali chenyewe kije.

Na kitufe cha maiki kikikwama, masafa yote yanazibika, hakuna wa kusema. Ukiona kimya kisicho cha kawaida, angalia taa ya kurushia kwenye redio yako kabla ya kumlaumu mtu.

Mengine nayataja tu. Mawingu: kaa mbali nayo mita 1,500 kwa upande, futi 1,000 juu au chini, na uwezo wa kuona kilomita 5, vikipungua, omba kibali maalumu au baki ulipo. Nyuma ya ndege kubwa inayoruka ngoja dakika mbili, tatu ukianzia katikati ya njia. Ukitua nyuma yake, kaa juu ya mapito yake na uguse ukiisha kupita pale ilipogusa. Redio ikifa, weka 7600 kwenye transponda. Kama hujaingia anga la mnara, usiingie. Kama umo ndani, tazama taa za mnara: kijani isiyomweka, tua. Nyekundu isiyomweka, wapishe wengine na uendelee kuzunguka. Nyekundu inayomweka, usitue hapo. Msimbo wa dharura ni 7700, na redioni ni masafa ya 121.5 kama huna mengine.

Sasa lile la vitendo, ndilo hasa ninalowaomba. Chukueni ubao wa pajani na mchore mistari mitano: njia, urefu, kanieneo, msimbo, masafa. Fungeni penseli kwa uzi. Kalamu ya wino huchagua wakati wa kugoma, na penseli isiyofungwa huishia chini ya kiti pale mnara unapoanza kusema. Kabla ya kuwasha injini, mwenzako akae mbele yako akusomee vibali kumi kwa kasi ya mnara, viwili kati yake avipotoshe makusudi, 21 mahali pa 03. Andika, rudia, na usipoelewa mwambie akurudie. Vikiisha kumi, badilishaneni.

Mzee wenu,
Mombasa