Tukaushe kitoweo nyumbani kabla ya safari za Kundelungu

Bwana Mhariri,

Vijana wetu wanaokwenda kutembea kwa miguu katika Mbuga ya Kundelungu, hadi kwenye maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300, huchoshwa na mizigo kabla hawajafika mbali, na ukiifungua utakuta mikebe ya samaki, nyanya mbichi na vitunguu. Unga wa bukari hauna lawama, kwa kuwa ni mkavu tangu sokoni. Uzito uko kwenye kitoweo: kilo moja ya nyanya ina takriban gramu 940 za maji.

Ninawaomba akina mama na viongozi wa vijana wakaushe kitoweo kilichokwisha kuiva. Maharage makavu ya sokoni hutaka moto wa saa nyingi, lakini yale yaliyochemshwa hadi kulainika, yakapondwa kidogo na kukaushwa, hurudia hali yake katika maji yanayochemka kwa muda usiozidi nusu saa, na vijana hawalazimiki kubeba gunia la makala, yaani mkaa.

Sombe inataka uangalifu zaidi. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu nyumbani kabla ya kutandazwa. Asidhani mtu kwamba jua litamaliza kazi ambayo chungu hakikuifanya. Mawese na karanga zisitiwe wakati huo, maana mafuta hayakauki, na chakula chenye mafuta huharibika upesi. Mawese yabebwe katika chupa ndogo, karanga zilizotwangwa katika kifuko chake, na vyote vitiwe chunguni kambini. Nyama naiacha kabisa, kwa kuwa inahitaji joto la kudumu la nyuzi 60 hivi, ambalo jua peke yake halituhakikishii. Kapenta wakavu, yaani dagaa, wanatosha.

Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ya Lubumbashi ni kavu na mvua hainyeshi, neema ambayo ndugu zetu wa Bukavu hawaipati kwa kiasi hicho. Hata hivyo vumbi letu, la barabarani na la machimbo, halifai kuingia katika chakula, na kwa sababu hiyo sikubaliani hata kidogo na wanaotandaza mboga juu ya bati la nyumba. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kuunda sanduku lenye bati jeusi chini, kioo juu, na matundu yenye wavu pande mbili ili hewa ipite bila nzi. Chakula kitandazwe chembamba tangu asubuhi, na kisichokauka kufikia jioni kimaliziwe juu ya makala yanayofifia. Kikishakuwa kikavu kiwekwe katika chupa ya kioo kwa wiki moja, kikitikiswa kila siku. Matone ya maji yakionekana ndani, kirudishwe juani.

Ningeomba gazeti lenu litenge nafasi ndogo, kabla mvua hazijarudi, ili wasomaji walete mapishi yao, hasa ya lengalenga. Mboga hiyo ikipigwa na jua moja kwa moja hupoteza rangi na vitamini A, nami huifunika kwa kitambaa cheusi chembamba. Mwenye njia iliyo bora zaidi atufundishe.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi