Jibu sahihi, alama sufuri

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabati hapa Kamukunji, Nairobi. Natengeneza masanduku ya chuma wanayobeba watoto wa shule za bweni. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Likizo hii alikuja kibandani na karatasi ya mtihani wa hesabu, akaiweka mbele yangu bila kusema neno.

Swali lilitaka eneo la pembetatu iliyochorwa ndani ya duara, ncha zote tatu zikigusa ukingo. Pande zake ni sentimita 26, 28 na 30, na nusukipenyo cha duara ni sentimita 16.25. Kijana alizidisha pande zote tatu akapata 21,840, akagawanya kwa nusukipenyo mara nne, yaani 65. Jibu likawa sentimita mraba 336. Alipewa sufuri. Kwa wino mwekundu mwalimu aliandika kuwa hiyo si njia aliyowafundisha.

Sikutaka kumtetea kwa sababu tu ni wangu. Nilichukua bati, nikachora duara la kipimo hicho kwa bikari, nikashika nukta moja ukingoni nikapima 26, kisha 28. Nilipounganisha ncha ya mwisho na ile ya kwanza, tepu ilisoma 30! Nikaweka guni kwenye upande wa 28, kimo kikawa 24. Nusu ya 28 mara 24 ni 336.

Nikamuuliza kanuni yake imetoka wapi. Akasema eneo ni nusu ya pande mbili zikizidishwa na saini (ile ‘sine’ ya hesabu) ya pembe iliyo kati yake. Na upande wa tatu, ule unaotazamana na pembe hiyo, ukigawanywa kwa saini hiyohiyo hutoa kipenyo cha duara. Ukiyaunganisha hayo mawili, saini inatoweka, zinabaki pande tatu na nusukipenyo. Yote mawili alifundishwa darasani. Kuyaunganisha ndiko kulikokuwa kwake mwenyewe, na hapo ndipo aliponyimwa alama.

Walimu wetu wana madarasa makubwa na karatasi nyingi za kusahihisha, hilo nalijua. Lakini mtoto akifika kwa njia nyingine, naomba aulizwe kwanza amefikaje. Mwanangu anarudi shuleni Jumatatu na lile bati. Apewe dakika tano ubaoni.

Fundi wa mabati,
Kamukunji, Nairobi